Nisafishie Picha za Baba Yako

Stoo hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wenzake kazini, katika duka la vipuri vya magari alikokuwa mtunza stoo, na lilimkaa vizuri hivi kwamba hata mama yake mzazi alifika mahali akawa anampigia simu na kusema, "We Stoo, uko wapi?" Naye hakukasirika hata kidogo. Kuna watu wanaojivunia watoto wao na kuna wanaojivunia magari yao. Huyu alijivunia rafu zake. Plagi upande huu, mikanda ya feni upande ule, breki zimepangwa kwa ukubwa, na ole wake fundi aliyechukua bolti moja kwenye boksi akaliacha wazi. Sheria zake zilikuwa fupi. Kilichopasuka kinatoka. Kisichojulikana ni cha gari gani kinatoka. Kinacholeta ubishi kinatoka haraka zaidi.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe simu yenye picha zilizojaa hovyo, uone kitakachotokea.

Simu yenyewe ilikuwa ya mama yake. Mama alikuwa na presha ya macho, na daktari alimwambia bila kuzungukazunguka, Stoo akiwa amekaa pembeni, kwamba mwanga uliokwisha kupotea haurudi, na huu uliobaki dawa za matone zitauchelewesha tu usiondoke haraka. Mama aliitikia kwa kichwa. Walipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha dirishani, akatoa simu kwenye mfuko wa gauni, akamkabidhi mwanawe.

"Kitu hiki kimenichosha," alisema. "Kila nikikigusa kinasema kimejaa. Mwanga wake unanichoma macho, na kidole kikiteleza kidogo tu baba yako anakimbia, anakuja mtu mwingine. Nisafishie picha za baba yako, mwanangu. Nataka nimwangalie vizuri wakati bado naona."

"Zote, Mama?"

"Zote. Hasa zile nilizopiga mimi."

Stoo alicheka, maana picha alizopiga mama zilikuwa kichekesho cha ukoo mzima. Baba yake Stoo, fundi saa aliyestaafu, alifariki mwaka uliotangulia baada ya kuugua miezi kadhaa, na katika miezi hiyo mama alishika simu kwa mara ya kwanza kama mpiga picha. Matokeo yake yalikuwa baba asiye na kichwa. Baba mwenye kichwa lakini amekatwa nusu na fremu ya mlango. Viatu vya baba. Ukuta, ambao mama aliapa kwamba baba alikuwa mbele yake sekunde moja kabla. Na karibu kila mahali, kwenye pembe, kitu cha rangi ya waridi kilichovimba kama kiazi: kidole chake mwenyewe.

"Hasa zile, nimekuelewa," Stoo alisema, na hakuwa ameelewa lolote.

Jumamosi mchana alikaa kwenye meza ya kulia chakula, akavuta kiti, akaanza kazi. Alifanya kazi hiyo kwa moyo, tena kwa upendo, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Zilizofanana alibakiza moja. Zilizotikisika alifuta. Zenye giza alifuta. Zisizo na kichwa alifuta huku akitabasamu, na zenye kidole alifuta bila kuangalia mara mbili. Wasiwasi hakuwa nao, kwa sababu alijua picha zote za simu ile zina nakala mtandaoni, kwenye ile hifadhi ya mbali ambayo watu huiita wingu. Aliyemuunganishia mama hifadhi hiyo aliwaambia kwamba picha zikishafika huko, hata simu ikitumbukia chooni, ziko salama. Na alisema kweli. Simu ikitumbukia chooni ziko salama. Hakusema zitakuwaje zikikutana na mtu msafi.

Simu ilimuuliza kama ana uhakika. Stoo alikuwa na uhakika. Ilipoendelea kulalamika kwamba nafasi bado haitoshi, ikamshauri amwage na pipa la taka, akalimwaga nalo. Mtunza stoo gani anaacha pipa limejaa? Kilichobaki kilikuwa safu za kupendeza: baba kwenye harusi, baba amesimama wima mbele ya kibanda chake cha saa, baba katikati ya wajukuu, wote wanaangalia mbele, wote wana vichwa. Aliziangalia kwa kuridhika, akaichaji simu mpaka ikajaa, akapangusa na kioo chake.

Kesho yake aliingia kwa mama yake amevimba kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umezisafisha?"

"Nimezisafisha zote. Utafurahi mwenyewe."

"Mungu akubariki." Mama akasogeza kiti karibu zaidi na dirisha, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. "Zilete."

Stoo akamwekea simu mikononi.

Mama akaipapasa, akaigeuza, akatazama mapajani mwake kama kuna kitu kimedondoka. "Hii si simu? Picha ziko wapi? Hawajakupa bahasha?"

"Bahasha ya nini, Mama?"

"Ya picha! Ile ya kwenye benchi umewaambia waitoe kubwa? Ile anayocheka, ambayo kidole changu kimeingia."

Mama yake alikuwa mtu wa enzi za filamu, ambapo ukimaliza kupiga picha unaipeleka filamu studio, zinasafishwa, unarudi kuchukua bahasha. Filamu zilikwisha zamani lakini neno lilibaki, na mpaka leo ukitaka picha itoke kwenye simu ikae kwenye karatasi, unasema nisafishie. Stoo alilijua neno hilo tangu akiwa mtoto. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitumwa kuchukua bahasha! Lakini mama alitaja simu iliyojaa, na kichwa cha Stoo kikaenda kulekule kilikozoea kwenda, kwenye rafu na mapipa.

Hapo ndipo mtu mzima husema ukweli. Stoo alisema, "Bado ziko studio, Mama. Ni nyingi, hawajamaliza."

"Basi wahimize," mama alisema, akimrudishia simu. "Macho yangu hayawasubiri."

Hakufika hata getini. Alisimama ngazini akafungua ile hifadhi ya wingu, tayari kurudisha kila kitu alichofuta, na akakuta baba kwenye harusi, baba mbele ya kibanda, baba na wajukuu. Hizohizo. Wala haikuzidi hata moja. Alizima simu akaiwasha. Hizohizo. Akafungua pipa la taka, na pipa lilikuwa jeupe, safi, limemwagwa na mtu anayejua kazi yake. Kumbe wingu halikuwa stoo ya akiba. Lilikuwa kama kioo cha ukutani: ukivua kofia huku, na yule wa kule anavua. Stoo alitukana pale ngazini, tusi ambalo mama yake, mwenye masikio mazima, bila shaka alilisikia.

Yaliyofuata ni mateso ambayo mtu hamwombei adui yake. Alipiga namba ya huduma kwa wateja, sauti ya kike ikamwambia simu yake ni ya muhimu sana kwao, kisha ikampigia kinanda mpaka salio likakata. Alimuuliza kijana wa mauzo pale dukani kwao, yule anayejua kila kitu, akashauriwa azime simu awashe. Akiwa stoo mbele ya kompyuta ya kazini, mafundi wakipanga foleni dirishani wakidai feni na bolti, ndipo alipokumbuka kwamba baba yake alikuwa na akaunti yake mwenyewe mtandaoni. Mzee alikuwa na tabia ya kumnyang'anya mke wake simu na kujitumia kila picha aliyopigwa, hata zile za viatu, akidai anaziweka akiba. Simu yake ilishakufa, betri imevimba kama andazi. Lakini akaunti, Stoo alijiambia, haifi.

Akaunti haikufa, ila haikumtaka. Ilimuuliza nenosiri, hakulijua. Ikamwambia ajibu basi swali la usalama: mnyama wako wa kwanza aliitwa nani? Stoo aliitumbulia macho kompyuta. Baba yake hakuwahi kufuga hata kuku. Paka akikatiza uani alimfukuza na kandambili. Ni wazi aliyeijaza fomu alikuwa muuza simu aliyemfungulia mzee akaunti, kwa haraka zake, akaweka jina la mbwa anayemjua mwenyewe. Aliandika "Sina". Aliandika "Hakuna". Kwa hasira aliandika "Muulize muuza simu", na mashine ikamjibu kwa adabu kwamba jibu si sahihi.

Ilibaki njia moja: namba za siri zitumwe kwenye simu ya mwenye akaunti. Akabonyeza, zikaenda. Zilikwenda kwenye laini ya baba, laini ambayo ilikaa bila kutumika mpaka kampuni ikaiuza kwa mtu mwingine. Stoo akaipiga. Akapokea mwanamke.

"Samahani, dada yangu. Kuna namba zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Naomba unisomee."

"Nikusomee?"

"Ni za kufungulia akaunti ya baba yangu. Laini hiyo ilikuwa yake. Amefariki."

"Pole sana," yule mwanamke alisema taratibu. "Juzi mwenzako alikuwa na mama mahututi. Leo wewe baba kafa. Kesho atanipigia wa tatu, shangazi yake kameza funguo. Kwani nyie matapeli hamna ndugu wazima?"

"Dada, naapa kwa..."

"Kafanye kazi!" Akakata.

Alipopiga tena, alikuwa ameshazuiwa. Na cha kumuuma zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu, maana yeye ndiye aliyemfundisha mama yake, kwa kumrudiarudia mpaka mama akachoka, kwamba mtu usiyemjua akikuomba umsomee namba, mkatie simu. Alijaribu swali la mnyama mara moja zaidi. Akaunti ikasema majaribio yamezidi, ikajifunga. Fundi mmoja dirishani akauliza kama leo wanauza au wanasali.

Na huku mama anapiga kwa simu ya jirani. "Wamemaliza?" Bado, Mama. "Hao watu wanachora kwa mkono?" Karibu watamaliza, Mama. Jioni moja alipopita kumtazama, mama alimmiminia chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani, naye akaendelea kumimina huku akimsimulia habari za jirani. Stoo alimshika mkono taratibu akauinua. Mama alipangusa meza kwa kitambaa, mpaka sehemu ambazo hazikulowa, na Stoo akaondoka mapema kwa sababu hakuweza kuendelea kukaa mle ndani.

Akabaki mdogo wake wa kike, na kwake hakutaka kwenda. Mdogo wake alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti vitatu, na simu yake ndiyo kitu ambacho Stoo alikichukia kuliko vyote duniani. Aliiita Jalala, mbele ya watu. Haikuwahi kufutwa kitu tangu inunuliwe. Mitindo ya nywele, maua ya kutakia watu asubuhi njema, video za watoto wa watu wakianguka, vyote vilikaa humo vimebebana. Lakini mama alikuwa na mazoea ya kumtumia binti yake kila picha anayopiga, papo hapo, na chini yake sauti: "Mwone baba yako."

Alimkuta akisuka, mikono imejaa mafuta, mashine ya kukaushia inanguruma kwenye kichwa cha mteja wa pili.

"Naomba simu yako," Stoo alisema.

"Jalala?" mdogo wake akauliza kwa mshangao. "Kaka unaumwa? Ipo kwenye droo. Namba ya kufungulia ni sifuri zote nne."

Siku nyingine angemhubiria kuhusu sifuri hizo. Leo alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akafungua mazungumzo ya mama, akapandisha juu, juu, juu. Na zikaja. Miraba ya kijivu, mmoja baada ya mwingine, yenye ukungu ambao ndani yake ungeweza kukisia shati la bluu, au kivuli cha mlango, na mshale wa kupakulia katikati. Akagusa wa kwanza. Picha hii haipo tena, simu ilisema, mwombe aliyekutumia aitume upya. Akagusa wa pili. Mwombe aliyekutumia. Wa tatu. Mwombe aliyekutumia! Aliyeituma alikuwa na simu iliyosafishwa na Stoo.

"Mbona hazifunguki?" alifoka, mpaka mteja akageuza kichwa na kuvutwa nywele. "Kwa nini hukuzifungua zilipokuja?"

"Nilikuwa nabana bando. Na nilikuwa na wateja." Mdogo wake aliacha kusuka. "Kwani unatafuta nini humo? Mama si anazo?"

Ikabidi aseme. Alisema kwa sauti ya chini, lakini saluni haina siri, na mashine ya kukaushia ilichagua kuzima wakati huohuo.

"Umefuta picha za baba?"

"Mama aliniambia nizisafishe."

"Kusafisha, kaka! Kusafisha ni kuzitoa!"

"Nami nilizitoa!"

Mteja wa mashine aliangua kicheko, kisha akaona nyuso zao akajitia kukohoa. Mdogo wake alijifuta mafuta kwenye aproni, akamnyang'anya kaka yake simu, akaanza kutafuta mwenyewe, si kwenye mazungumzo bali ndani ya ile albamu ambayo Stoo aliiogopa. Alipitisha misuko, kucha, maua, misuko, keki. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali.

"Moja niliifungua," alisema. "Moja tu nakumbuka. Nilicheka mpaka wateja wakaniuliza nina nini. Nyingine nilijiambia nitaziangalia nikitulia." Akapenga kamasi kwa nyuma ya mkono. "Hii."

Baba kwenye benchi, siku aliyorudi kutoka hospitali. Amekaa upande wa kushoto, bega limekatwa, amekonda, shingo imekuwa nyembamba kwenye kola. Mdomo wazi, anacheka kwa sababu mke wake ameshika simu kichwa chini. Nusu nzima ya kulia ni kidole.

Stoo aliiangalia muda mrefu. Alikumbuka kuifuta. Alikumbuka hata alivyotabasamu.

Studio ilikuwa barabara ya pili, chumba chembamba chenye picha za mabibi harusi dirishani. Fundi picha aliifungua kwenye kompyuta yake, akakunja uso.

"Kaka, hii ni mbovu. Ukubwa utaipasua. Lakini usijali, nitakusafishia. Kidole nakitoa, ukungu nautoa, mzee namuweka katikati na bustani nyuma yake."

"Usisafishe kitu."

Fundi akamgeukia. "Hutaki nikusafishie?"

"Nataka unisafishie. Ila usiisafishe."

"Ndugu yangu," fundi picha alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mlevi, "chagua moja."

"Itoe kwenye karatasi," Stoo alisema. "Ilivyo. Na kidole chake. Ukikigusa kidole hicho tutagombana."

Aliipeleka mchana huohuo, ndani ya bahasha. Mama alikuwa dirishani. Aliipokea bahasha akainusa kwanza, akaivuta picha kwa ncha za vidole, akaigeuza kuelekea kwenye mwanga. Akaisogeza mbali. Akaisogeza karibu mpaka ikagusa pua. Akaielekeza pembeni ya jicho la kulia, ambalo lilikuwa na nafuu kidogo.

"Kidole nakiona," alisema. "Yeye amekaa upande gani?"

Stoo alikishika kiganja chake akakiweka upande wa kushoto. "Hapa, Mama. Anacheka."

"Anacheka, najua. Nilimwambia asitikisike, akaanza kutikisika makusudi." Alipitisha kidole gumba juu ya karatasi, polepole, mara kadhaa, palepale penye uso, kisha akaipapasa bahasha, akaingiza mkono ndani mpaka chini, akautoa mtupu. "Na zile nyingine? Zile zangu?"

Ule uongo wa studio ulikuwa mdomoni, tayari. Stoo aliumeza.

"Nilizisafisha, Mama," alisema. "Nilizisafisha kama ninavyosafisha stoo."

Mama aligeuza uso kuelekea sauti yake ilipotokea, na alikaa hivyo, macho yakiwa yamepita kidogo juu ya bega la mwanawe. Nje mtu alikuwa anafunga geti la chuma na geti lilikuwa linagoma. Kisha aliirudisha picha kwenye bahasha, akakunja midomo, akaipeleka bahasha kwenye mfuko wa gauni kule simu ilikokuwa ikikaa, na akaweka kiganja juu yake.

"Basi hii," alisema, "wewe usiiguse."